Kwa Nini Mshubiri Ukihamishwa Hunyimwa Maji

Kabla mshubiri haujajua uchungu, ulikuwa mmea laini. Majani yake yalikuwa membamba kama ya mahindi machanga, hayana miiba pembeni wala madoa, na maji yake yalikuwa matamu hata watoto wakayafyonza wakienda kuchunga mbuzi. Uliota juu ya miamba ya Ndungwi, kule milimani ambako mawingu hupita chini ya miguu ya watu, na hapakuwa na aliyeupanda. Leo ukitajwa nyote mnakunja nyuso, nawaona. Watu wa zamani waliutaja wakilamba midomo. Tulieni basi, nitafika huko.

Tena ulikuwa unaongea. Si porojo, maana mshubiri haukupenda maneno mengi, lakini uliongea na mtu aliyelala karibu nao jua la utosi, saa ile kuku wanapojichimbia vumbini na hata mbwa wanaona uvivu kubweka. Aliyelala alisikia, aliye macho hakusikia kitu. Kwa hiyo mtu wa Ndungwi akiwa na jambo linalomkera hakwenda kwa mganga. Alichukua mkeka wake akaenda kujilaza mwambani, na alaasiri akarudi nyumbani taratibu, macho bado yamejaa usingizi, jibu lake analo.

Watu hao walikuwa na desturi moja. Binti akiolewa mbali, mama yake aling'oa mshubiri mmoja ulioota nyuma ya nyumba akampa aende nao. Huo ndio uliokuwa shahidi wa ndoa. Bibi arusi alipofika ukweni hakufungua kinywa, si kwa mume wala kwa wakwe, mpaka mmea wake utoe jani jipya katika udongo wa ugenini. Jani likitoka, ameshika mizizi, na siku hiyo ataongea. Lakini mshubiri ukifa kabla ya jani, mjomba wa binti huja akamshika mkono wakarudi nyumbani. Hakuna ugomvi, hakuna matusi. Ila binti huyo harudi tena katika nyumba ile maisha yake yote, hata alie machozi ya damu.

Basi alikuwapo msichana wa Ndungwi aitwaye Nakiete. Kijana aliyempenda aliitwa Kajiru, mwana wa wafinyanzi wa bondeni Lukozo, ambaye alikuwa akipanda mlima na tenga la vyungu vya mama yake kuja kuvibadilisha kwa maharage. Kila alipofika mlangoni kwa kina Nakiete, chungu kimoja kilimponyoka kikavunjika, ikambidi arudi tena kuleta kingine. Mama yake Nakiete alisema hajapata kuona mtoto wa mfinyanzi mwenye mikono mibovu kiasi kile. Nakiete alikuwa akisimama nyuma ya mlango akiziba mdomo kwa kiganja ili asisikike akicheka. Alimpenda kwa ajili ya vyungu vile vilivyovunjika, na kwa jinsi alivyojifanya kushangaa kila mara, kana kwamba chungu kilikuwa na miguu.

Walipooana, siku ya kuondoka kwenda Lukozo, mama akauvuta mshubiri kutoka kwenye ufa wa mwamba. Ulikuwa umeshika kwelikweli. Mizizi mingine ilitoka, mingine ikakatika na kubaki jiweni.

"Nitaupandaje, mama?" Nakiete akauliza.

"Sijui, mwanangu. Hapa haukupandwa na mtu. Lala karibu nao, utakwambia wenyewe."

Nakiete akaufunga kwa jani kavu la mgomba, akaupakata kama mtoto mchanga, akashuka nao mlima nyuma ya mume wake. Walipofika chini alikuwa ameshafunga kinywa, na moyoni alikuwa na ombi moja tu, kwamba mmea ule uishi ili naye akae.

Sasa, watu wa Lukozo mnapaswa kuwaelewa. Walikuwa watu wema, wema wa kupindukia, lakini walikuwa wafinyanzi, na mfinyanzi kitu akipendacho hukilowesha. Udongo ukikauka kabla ya wakati hupasuka, kwa hiyo tangu utoto wao walifundishwa kuwa na mikono yenye maji. Kila nyumba ilikuwa na mtungi mlangoni, na kila chungu ambacho hakijakwisha kufinyangwa kilifunikwa kwa majani mabichi yanayodondoka maji. Ukitembea Lukozo mchana ulisikia maji yakidondoka kila upande, tp, tp, tp, mpaka ukasinzia unatembea.

Mavyaa wa Nakiete, mama yake Kajiru, aliitwa Namkunda. Alikuwa mfinyanzi ambaye wafinyanzi wenzake walimwonea wivu bila kumchukia, na hilo si jambo dogo. Kwa ajili ya mkwe wake alikuwa ameandaa chungu cheusi, alichokisugua kwa kokoto ya mtoni mpaka mtu akajiona sura ndani yake, kisha akakipaka maji ya magome ya miti mara baada ya kukitoa jokoni kilikochomwa, ili kisivuje hata tone. Kwao chungu kinachovuja kilikuwa aibu ya ukoo. Hakikuonyeshwa mgeni, kilivunjwa kimyakimya. Na mtu akikitoboa chungu cha mwenzake kwa makusudi, alikuwa amemwambia mbele ya ulimwengu: mimi na wewe chakula kimekwisha.

Namkunda akakijaza chungu kile udongo mweusi wa kufinyangia, laini kama siagi, akaupanda mshubiri kwa mikono yake mwenyewe. Akamwagia kata ya maji. Akautazama, akaona majani yamelegea kidogo kwa safari, akaongeza nyingine. Kisha akaufunika kwa majani mabichi ya mgomba.

"Usihofu, mwanangu," akamwambia Nakiete. "Hapa hautaona kiu hata siku moja."

Na kweli haukuona. Asubuhi aliumwagilia, jioni aliumwagilia, na katikati ya mchana akipita na mikono yenye maji aliunyunyizia pia. Nakiete naye alitendewa vivyo hivyo. Kabla hajamaliza uji wa nyumba hii, ulishaletwa wa nyumba ile. Wanawake walikuja wakaketi wakamzunguka, wakamuuliza kama kwao kuna baridi, kama mama yake hajambo, kama amelala vizuri, kama ameshiba. Walijua hawezi kujibu, kwa hiyo wakajijibu wenyewe na kuendelea. Wifi yake, Nashera, alimpaka mafuta ya kichwa, akaona mengi, akamwosha, akampaka tena. Wakamtia udongo mikononi afinyange nao. Wakamtoa wakampeleka mtoni akaone wanakochimba. Nakiete aliitikia kwa kichwa na kutabasamu, na kila jioni alihisi amejaa mpaka kooni, na hakujua amejaa nini.

Haukupita muda mwingi mshubiri ukaanza kubadilika. Majani ya chini yakawa manjano. Kisha yakawa kama yamechemshwa, unaweza kuona kivuli cha kidole upande wa pili. Shina likalegea pale lilipoingia udongoni, na chungu kile kizuri kikaanza kutoa harufu ya maji yaliyosahauliwa. Namkunda alipoona hivyo alisikitika sana.

"Una kiu, maskini," akasema, akaenda kuleta kata.

Nakiete alisimama pembeni akitazama maji yakiingia. Alitaka kuushika mkono wa mavyaa wake, lakini bibi arusi hamshiki mavyaa mkono. Alitaka kusema basi, mama, basi, lakini maneno hayo angeyasema siku ya jani, na jani halingekuja kwa sababu ya yale maji. Aliogopa. Alimwona mjomba wake akishuka mlima, alimwona Kajiru akibaki mlangoni na tenga lake, na alijua kwamba hakuna chungu hata kimoja ambacho kingevunjika tena kwa ajili yake.

Siku ya pili yake jua lilipokuwa kali na Lukozo nzima imesinzia, alichukua mkeka akaenda kulala kando ya chungu. Usingizi ulimjia haraka, ukawa mzito na mwepesi kwa wakati mmoja, kama unavyokuwa usingizi wa mchana. Alisikia maji yakidondoka kila mahali. Halafu akasikia sauti ndani ya yale matone, sauti ya mtu aliyechoka.

"Miguu yangu ilikatika kule juu," mshubiri ukasema. "Nina vidonda kila ulipoona mzizi. Na kila asubuhi nakogeshwa."

"Nami nakogeshwa," Nakiete akasema, na kuisikia sauti yake mwenyewe, ambayo alikuwa ameikosa kwa muda mrefu, nusura alie usingizini. "Lakini mama huyu anatupenda."

"Anatupenda. Maji yake yakiingia hayana pa kutokea, basi. Nitoe humu. Kata palipooza mpaka ufike palipo pazima, halafu unilaze kivulini nikauke vidonda. Kisha unipe udongo unaopumua na chungu chenye mlango chini. Na mkishanipanda, msinipe kitu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mimi mwenyewe nione kiu."

Akaamka. Kuku walikuwa bado vumbini na hakuna aliyetikisika. Nakiete hakujiuliza mara mbili, maana angejiuliza asingefanya. Aliingiza vidole udongoni akauinua mshubiri, ukaja wote bila kushika chochote. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza. Aliokota kigae chenye makali akakata palipooza, kidogo kidogo, mpaka akaona nyama nyeupe. Akaufuta udongo kwa pindo la nguo, akauweka juu ya ungo, akaupeleka kwenye banda la joko ambako jua haliingii na upepo hupita. Ulikuwa umebaki mdogo, nusu ya ule uliotoka mlimani.

Kikabaki chungu. Alikigeuza juu chini, akamwaga ule udongo uliooza, akakisuuza. Akajiona sura humo ndani, sura ya mtu anayefanya jambo baya. Kisha akachukua kipekecho chenye ncha ya chuma, akakisimamisha katikati ya kitako cha chungu, akaanza kupekecha.

Chungu kizuri kikipekechwa hulia. Sauti yake ilitoka uani ikafika mtoni, na Namkunda, aliyekuwa akichimba udongo, aliitambua sauti ya chungu chake kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe. Alipofika mbio, matope mpaka viwikoni, tundu lilikuwa limeshapatikana. Nakiete alikuwa amepiga magoti, chungu mapajani, vumbi jeusi magotini.

 Namkunda alikichukua chungu, akakiinua juani, akachungulia mwanga ukipita mle chini. Akakiweka chini polepole. Kisha akaenda zake kwenye banda la joko akakaa huko, na jioni ilipofika hakula.

"Umefanya nini, mke wangu?" Kajiru akauliza. Alikuwa amepauka. "Unajua maana yake kwetu?"

Nakiete alijua. Alimshika mkono akampeleka hadi mlangoni pa banda ili amwonyeshe ungo. Lakini ndani walimkuta Namkunda ameketi chini karibu na ungo ule, kichwa kimeegemea nguzo, amelala. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayesikiliza habari asiyoipenda. Wakarudi nyuma kimya wakamwacha.

Siku zilizofuata Namkunda hakumwambia mkwe wake lolote. Hakumfukuza wala hakumletea uji. Chungu kilichotobolewa kilikaa uani pale pale na kila aliyepita alikiona. Wanawake wakawa wanakuja mpaka mlangoni, wanaangalia lile tundu, wanaangaliana, wanarudi. Nakiete alikaa banda la joko na mmea wake, akigeukia mlango kila aliposikia hatua. Hakuugusa. Aliutazama tu vidonda vyake vikifunga utando mkavu, na hakuweza kumwonyesha mtu yeyote furaha yake.

Katika hali hiyo ndipo mjomba wake akafika. Kibacha alikuwa mzee mpole, na alikuwa ameshuka mlima wote ule kwa miguu, kwa sababu habari za chungu kilichotobolewa hazikungoja mtu wa kuzibeba. Alisalimia, akakaribishwa, akaomba aonyeshwe shahidi. Wakamleta bandani. Akauona mshubiri umelala kwenye ungo, mizizi hewani, majani yamesinyaa. Akavua kofia.

"Pole, mpwa wangu," akasema. "Mmea umekufa. Nyanyuka twende nyumbani."

Akamshika mkono. Nakiete alitikisa kichwa, akatikisa tena, machozi yakimtoka. Hakuna kilio kigumu kama kile cha mtu asiye na ruhusa ya kutoa sauti. Kajiru alikuwa amesimama mlangoni na hakuweza kumzuia mjomba wa mkewe, maana desturi haikumpa nafasi. Mjomba akamvuta taratibu, kwa huruma, naye Nakiete akaanza kunyanyuka.

"Mkwe, mwache," Namkunda akasema, akampita Kajiru mlangoni akaingia. "Huo haujafa."

Kibacha akageuka. "Mama Kajiru, mizizi iko hewani. Mimi ni mzee lakini si kipofu."

"Unapumzika. Keti nikueleze, na usipokubali utakwenda naye." Akavuta kigoda akamwekea, yeye akaketi chini, akajifuta mikono ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa mikavu. "Umekiona chungu changu kule nje. Aliyekitoboa ni huyu huyu. Siku ile nilitaka nimrudishe kwenu mimi mwenyewe, wala nisingekungoja. Nikaja hapa na hasira zangu niutazame huo mmea ambao kwa ajili yake ananivunjia chungu, usingizi ukanichukua. Nikaambiwa ninaua."

"Umeambiwa na nani?"

"Si ninyi wenyewe mnajua anayesema?" Akauelekea ungo. "Mkwe, nimefinyanga tangu nikiwa msichana. Chungu kibichi hukianika kivulini na sikitii maji hata tone mpaka kimekauka chenyewe, maana nikikitia kitabomoka. Hilo nalijua nikiwa nimelala. Halafu akaletwa mtoto wa watu nyumbani kwangu, bado mbichi, ndiyo kwanza ametolewa kwa mama yake, nami nikamjaza maji asubuhi na jioni. Nimeona haya kusema. Tangu siku ile nimekaa kimya kwa haya, si kwa hasira."

Akamgeukia Nakiete, na hakumwambia samahani, kwa sababu mavyaa wa enzi hizo hakuwa na neno hilo. Alimwambia, "Leta chungu chako."

 Mzee Kibacha akauachia mkono wa mpwa wake. "Nitakaa," akasema. "Ila ukioza, nakwenda naye."

Namkunda akaenda kwenye lundo la vigae nyuma ya joko, vyungu vyote vilivyompasukia katika maisha yake, akavitwanga mwenyewe mpaka vikawa changarawe. Akachanganya na mchanga wa mtoni na kijisehemu kidogo tu cha udongo. Akaweka kigae kipana juu ya lile tundu ili mchanga usimwagike, akajaza, akaupanda mshubiri huku Nakiete ameushika wima. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la vigae, na kila alipoyagusa majani vidole hivyo viliacha alama. Alipomaliza, mkono wake ulikwenda wenyewe kutafuta kata. Akauona unakwenda, akaurudisha akaukalia.

Kisha akaketi mlangoni pa nyumba. Waliokuja na uji aliwarudisha na uji wao. Waliokuja na maswali aliwarudisha na maswali yao.

"Mkwe wangu anakauka," aliwaambia. "Mtamwona akiwa tayari."

Ulikuwa wakati wa kimya. Nakiete hakuwa ameujua ukimya kama ule tangu mlimani. Alilala alipotaka, akaamka alipotaka, akakaa kivulini akitazama moshi wa joko ukipanda na kupotea. Hakuna aliyemwambia fanya hivi wala kula hiki. Chakula kiliwekwa karibu naye kikaachwa hapo. Kidogo kidogo vitu vya nyumba ile vilianza kumjia vyenyewe: sauti ya Namkunda akipiga udongo, harufu ya majani mabichi yakiungua jokoni, Kajiru akipita na tenga na kujikwaa makusudi ili amwone akitabasamu. Mlima alioubeba kifuani ulikuwa ukimtoka, kwa utaratibu, na hakujua unatokea kwenye tundu gani.

Mshubiri nao ulikuwa na kazi yake. Ulipoona hakuna maji yanayokuja, ulinyonya yaliyokuwa ndani ya majani ya nje, yakasinyaa, na maji machache yaliyobaki ukayaficha katikati. Yale majani membamba yakaanza kunenepa kutoka ndani. Kwa nje lakini ulionekana umekonda vibaya, na Nashera, yule wifi, roho ilimuuma akashindwa kuvumilia. Akaja akinyatia na kibuyu cha maji. Alipopitisha mkono juu ya majani ili amimine, mshubiri ukamkwaruza kiganjani. Haukuwa na meno hapo kabla. Uliyatoa siku ile. Nashera akadondosha kibuyu, akaenda kumwonyesha Namkunda damu, akitaka ahurumiwe.

"Umekoma?" Namkunda akamuuliza, wala hakunyanyuka.

Lakini siku zilipita na jani halikuja. Mzee Kibacha alikuwa na mashamba yake mlimani, na jioni moja Nakiete alimwona akifunga mzigo wake.  Kesho yake jua lilipofika utosini Nakiete akajilaza kando ya chungu amsikilize shahidi wake. Akalala, akangoja ndani ya usingizi, na mshubiri haukuongea. Alisikia upepo tu. Hata matone hakuyasikia. Akaamka kwa woga, mdomo mkavu, koo limemkauka kabisa, na ndipo alipotambua kwamba tangu afike bondeni hajapata kuhisi kiu hata mara moja.

Akautazama mmea. Katikati, kwenye yale majani yaliyosinyaa, palikuwa na ncha ya kijani imesimama wima.

Mzee Kibacha alikuwa tayari uani, fimbo mkononi. Kajiru alikuwa amesimama karibu naye akitazama chini. Nakiete akatoka bandani na chungu amekikumbatia, akampita mjomba, akampita mumewe, akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni alipoketi mavyaa wake.

"Mama," akasema, na sauti ikamkwama kwa kutotumika. "Mama, naomba maji."

Namkunda alinyanyuka mara moja, kisha akatembea polepole mpaka mtungini, kwa sababu macho yake hayakuwa yanaona vizuri. Alileta kata moja, si zaidi. Nakiete akanywa nusu. Nusu iliyobaki akaimimina kwenye chungu, na wote wakasimama wakitazama kitakoni mpaka maji yakatokea kwenye tundu, yakadondoka chini, yakakoma.

Na tangu siku hiyo mshubiri una majani manene, maana ulijifunza kubeba maji yake wenyewe usimtegemee mtu. Una meno pembeni ya kumzuia mwenye huruma nyingi, na una madoa meupe pale vidole vya Namkunda vilipoushika. Maji yake ni machungu, na wako wanaosema ni yale maji yote uliyonyweshwa bila kutaka. Hauongei tena na waliolala. Ukiwa na la kusema hutoa jani. Ukitaka kuuhamisha, uutoe, ukate palipooza, uulaze kivulini mpaka ukauke vidonda, uupande kwenye mchanga na vigae na chungu chenye tundu, kisha uiondoe mikono yako hapo.

Na tangu siku hiyo mama wa Lukozo mwenye mwana wa kuoa hufinyanga chungu kizuri kuliko vyote alivyopata kufinyanga, na kabla hakijaingia jokoni hukitoboa mwenyewe kitakoni. Bibi arusi akifika haulizwi kitu wala hashurutishwi kula. Wanamwacha akae kivulini muda wowote anaoutaka, mwezi au miezi, nao wanaendelea na kazi zao huku masikio yakiwa kwake. Siku atakapoomba maji kwa kinywa chake mwenyewe, mavyaa huacha udongo alioushika, hata kama chungu kitapasuka, akaenda kumletea.